Kuteguka au Kuvunjika? Hesabu za Miguu Inayovunjika, Ukiwa Moshi

Aprili ya mwaka juzi mama yangu mdogo aliteleza kwenye kijia cha kuteremkia mfongo, ule mfereji wa maji wa mlimani, kule Kibosho. Masika yalikuwa yamekolea, na udongo mwekundu wa mlimani ukishalowa huwa kama sabuni. Hakuanguka kutoka juu wala hakugongwa na chochote. Mguu wa kushoto ulipinda kwa ndani, mwili ukauelemea, akasikia "ta!" Jirani akasema ameteguka. Shangazi akasema ameteguka. Mimi nilipopigiwa simu mjini nikasema pole mama, umeteguka, kanda na maji ya moto. Akakandwa wiki tatu. Alipokuja kupigwa picha ya eksirei mwezi wa tano, fundo la nje lilikuwa limekatika mshazari, na mfupa wa katikati umeshaanza kuhama mahali pake.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma habari za miguu iliyovunjika, ugonjwa ambao mke wangu anauona ni mbaya kuliko wa mama mdogo. Nilitaka kujua kama ile ilikuwa bahati mbaya tu, au kuna watu ambao ukiwaangalia vizuri unaweza kusema mapema kwamba hawa ndio wako njiani. Elimu inayoshughulika na swali la aina hiyo ni epidemiolojia. Wengi wetu tulilisikia neno hilo wakati wa Uviko tukadhani ni la virusi. Kumbe kazi yake kubwa ni kuhesabu: nani, wapi, lini, na kati ya wangapi. Hilo la mwisho ndilo linalotuponyoka sana huku kwetu, nitalirudia.

Kwanza mguu wenyewe. Wayo mmoja una mifupa 26. Juu yake kinakaa kifundo, ambacho wengi siku hizi wanakiita enka, na hicho kimeundwa na mifupa mitatu. Muundi unashuka upande wa ndani, mfupa mwembamba unashuka upande wa nje, na ncha zake ndiyo yale mafundo mawili unayoyapapasa ukivua soksi. Katikati ya mafundo hayo umebanwa mfupa wa tatu, talasi, kama mpini ulivyobanwa kwenye jembe. Mpini ukilegea kidogo unajua jembe linavyokuwa. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwenye viungo vya maiti: talasi ikihamia nje kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa inagusana linapungua kwa karibu asilimia 42. Uzito wa mwili uko palepale, mahali pa kuubebea pamepungua karibu nusu, na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inaanza kusagika. Kwa hiyo wiki tatu za maji ya moto zilikuwa na gharama.

Sasa hesabu. Takwimu zinazonukuliwa sana duniani kuhusu mivunjiko ya watu wazima zinatoka Edinburgh, Uskoti, ambako madaktari walihesabu kila mfupa uliovunjika katika mwaka 2000. Kifundo cha mkono kiliongoza kwa asilimia 17.5. Kifundo cha mguu kilichukua asilimia 9, mifupa mirefu ya wayo karibu asilimia 7, vidole vya mguu chini ya 4, kisigino kama 1, na talasi 0.3. Ukijumlisha, karibu mvunjiko mmoja kati ya kila mitano ulikuwa kwenye enka au chini yake. Kwa kifundo cha mguu peke yake, ilikuwa kama watu 101 kwa kila watu wazima 100,000 kwa mwaka.

Kwa nini Edinburgh na si mji mwingine? Kwa sababu ya kitu kidogo ambacho ukikosa, hesabu yote inayumba. Mivunjiko ya watu wazima wa eneo lile inapelekwa hospitali moja, na idadi ya wakazi wa eneo hilo inajulikana. Waliovunjika unawaweka juu ya mstari, wakazi wote chini ya mstari, unapata kiwango. Moshi tuna KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971, inayopokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Ukisimama pale mlangoni ukahesabu hogo (plasta ngumu za miguuni) na magongo wiki nzima utapata namba nzuri ya juu ya mstari. Lakini chini ya mstari utaweka nani? Mtu wa Same anayepewa rufaa kwa sababu mguu umekaa vibaya anaingia kwenye hesabu. Mtu wa Pasua, hapa hapa Moshi, aliyevunjika kidole kwa kuangukiwa na dumu la maji, akabaki nyumbani na kitambaa, haingii. Mtu wa Rombo aliyepelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa, haingii. Foleni ya hospitali ya rufaa inachuja. Inabakiza mibaya, ya mbali, na ya wenye nauli. Ukiitazama foleni hiyo ukasema "hivi ndivyo miguu inavyovunjika Kilimanjaro", umefanya kama mtu anayekwenda gereji ya Majengo halafu anasema magari yote ya Moshi ni mabovu.

Tufanye zoezi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro. Tuseme watu wazima ni milioni moja kamili, ili hesabu iwe rahisi. Kama kiwango chetu kingekuwa sawa na cha Edinburgh, tungetegemea vifundo vya miguu vilivyovunjika kama 1,000 kwa mwaka, yaani karibu 20 kila wiki, mkoa mzima. Sijasema ndivyo ilivyo. Nimesema ndivyo ingekuwa kama sisi tungekuwa wao. Na sisi si wao. Wao wana wazee wengi kutuzidi, na wana barafu kwenye njia za miguu miezi ya baridi. Sisi tuna vijana wengi, bodaboda, masika, na mlima.

Umri ndio sehemu iliyonivutia kuliko zote. Ukichora mchoro wa wanaovunjika kifundo cha mguu kwa umri, unapata vilima viwili. Cha kwanza ni cha wanaume vijana: mpira, pikipiki, kuruka kuta, ujana wenyewe. Cha pili ni cha wanawake kuanzia miaka hamsini hivi. Ukiona kilima hicho cha pili unasema haraka: aa, ni mifupa. Mwanamke akikoma hedhi mifupa inapoteza uzito, inavunjika kwa kitu kidogo. Hata mimi nilisema hivyo. Mama mdogo ana miaka 58, ikakaa sawa.

Lakini haikai sawa. Angalia mfupa wa nyonga, ambao kweli huvunjika kwa sababu ya udhaifu wa mifupa. Kiwango chake kinapanda taratibu, kisha kuanzia miaka sabini kinapaa, na kwa wa miaka themanini kinakuwa cha kutisha. Kifundo cha mguu hakifanyi hivyo. Kwa wanawake kinapanda mpaka miaka ya sitini na kitu, halafu kinatulia. Kama ni udhaifu wa mifupa tu, mbona bibi wa miaka 85, ambaye mifupa yake ni myepesi zaidi, asivunjike kifundo zaidi ya binti yake wa miaka 60?

Jibu ambalo watafiti wengi wanaliegemea liko kwenye namna ya kuanguka. Ili uvunjike kifundo cha mguu inabidi uwe unatembea kwa kasi fulani, wayo ukwame au uteleze, na mwili uendelee na safari. Ni mvunjiko wa mtu ambaye bado ana shughuli zake. Bibi wa miaka 85 anatembea polepole, na akianguka anadondoka kwa ubavu, juu ya nyonga. Mama wa miaka 58 anateremka mfongoni na ndoo akiwaza ng'ombe hawajapewa majani. Jambo la pili ni uzito wa mwili. Wanaovunjika nyonga mara nyingi ni wembamba, wakati uzito mkubwa unaambatana na kuvunjika kifundo cha mguu, na mvunjiko wenyewe ukitokea huelekea kuwa mbaya zaidi. Mguu ukipinda, kilo zote zinazobaki juu ndizo zinazomalizia kazi. Hili ni gumu kulisema kwenye jamii ambayo unene wa mama mtu mzima ni dalili kwamba mwanawe wa Dar anatuma hela, lakini ndivyo namba zinavyosema.

Kwamba mambo haya hubadilika na maisha, na si ya damu tu, Finland inatuonyesha. Kule idadi ya watu wa miaka 60 na kuendelea wanaovunjika kifundo cha mguu kwa kuanguka kwa kawaida ilipanda zaidi ya maradufu kati ya 1970 na mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha kiwango kikatulia na kuanza kushuka. Watu ni walewale, kizazi kimebadilika. Sisi kwetu ningeangalia vijiji vya mlimani. Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye wazee wengi nchini. Vijana wanakwenda Dar, Arusha, Mwanza, wanarudi Desemba na magari. Miezi kumi na moja iliyobaki anayeteremka mfongoni, anayekata majani na anayebeba mkungu wa ndizi ni mama wa miaka sitini. Huyo ndiye aliyekaa juu ya kilima cha pili.

Kilima cha kwanza kwetu kina sura yake. Ulaya sababu kubwa ya kuvunjika kifundo ni kuanguka ukiwa umesimama, ikifuatiwa na michezo. Huku bodaboda imeingia katikati. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitolewa 2010, na leo ukisimama Arusha pale Kilombero asubuhi huwezi kuhesabu pikipiki zinazopita. Tunazungumza kofia ngumu, na ni sawa, kichwa kwanza. Ila mguu wa dereva wa bodaboda uko wazi ubavuni, kwa urefu uleule wa bampa la gari dogo, na umevaa kandambili. Pikipiki ikilala, uzito wake unabana wayo kwenye lami. Mivunjiko ya namna hii haifanani na wa mama mdogo. Nguvu ni kubwa, mara nyingi ngozi imepasuka na mfupa umeona jua, na kidonda kikiwa na mchanga habari ya usaha inakuwa karibu kuliko habari ya mfupa kuunga. Katika hesabu za Ulaya mivunjiko ya kifundo yenye kidonda ni kama asilimia 2 tu. Sitashangaa wodi ya wanaume ya mji wowote wenye bodaboda ikionyesha kitu tofauti.

Abiria wa kike anayekaa upande naye ana hatari yake: kisigino kinaingia kwenye spoku.

Kisigino chenyewe kina hadithi nyingine kabisa. Hakivunjiki kwa kupinda. Kinavunjika kwa kutua. Mtu anaanguka kutoka kwenye mparachichi, kwenye paa, kwenye jukwaa la ujenzi, anatua kwa miguu, na talasi inashuka kama nyundo juu ya mfupa wa kisigino. Ni mvunjiko wa wanaume walio kazini, na kwa wengi wao ufa unaingia mpaka ndani ya kiungo. Kinachosahaulika ni kwamba nguvu haiishii kisiginoni. Inapanda. Karibu mmoja kati ya kumi ana pingili ya mgongo iliyovunjika pia, mara nyingi kiunoni. Fundi akianguka ghorofa ya kwanza akalalamika kisigino, muulize mgongo, hata kama yeye hautaji.

Halafu kuna mlima. Wapagazi, wenyewe wanajiita wagumu, wanaruhusiwa kubeba mwisho kilo 20, na wengi wao wanakuambia hatari haiko kwenye kupanda. Iko kwenye njia ya Mweka, ile ya kushukia. Kutoka kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, hadi getini, chini ya mita 1,700, njia ni magogo, mizizi na matope. Mapaja yameshachoka kufunga breki. Kuna na sababu ya ndani ya kifundo. Talasi ni pana mbele na nyembamba nyuma. Ukipanda, vidole viko juu, sehemu pana imebanwa vizuri kati ya mafundo mawili. Ukishuka, vidole vinaelekea chini, sehemu nyembamba ndiyo inaingia kwenye nafasi, na kifundo kinacheza. Mama mdogo naye alikuwa anateremka.

Aliyevunjika huko juu anashushwa kwa machela ya gurudumu moja, watu wanne au sita wakiishika. Huwa inanikumbusha Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, ambaye mwaka 1756 aliangushwa na farasi akavunjika mguu. Alikataa kunyanyuliwa mpaka ukanunuliwa mlango, ukapigiliwa miti, akabebwa juu yake. Baadaye aliandika sana kuhusu kuvunjika kifundo, na mpaka leo mvunjiko wa pale una jina lake, ingawa wa kwake mwenyewe inaelekea ulikuwa juu zaidi, kwenye muundi. Aliyestahili jina ni Robert Jones wa Liverpool. Yeye mwaka 1902 alieleza mvunjiko wa mfupa mrefu wa tano wa wayo, ule ulio ukingoni upande wa kidole kidogo, kwa mfano wa mguu wake mwenyewe, alioupata akicheza dansi.

Mfupa huo wa tano uangaliwe, maana mguu ukipinda kwa ndani unaweza kuupasua wenyewe huku enka iko salama, na watu wote wanapapasa enka. Wa pili na wa tatu huvunjika kwa njia ya kimya: hakuna kuanguka, ni kutembea au kukimbia kupita kiasi mpaka ufa unajitokeza. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliona miguu ya askari ikivimba hivyo mwaka 1855, miaka arobaini kabla eksirei haijavumbuliwa. Anayeanza mazoezi ya Kilimanjaro Marathon Januari kwa mbio za Februari ajue hilo.

Turudi kwa jirani aliyesema "ameteguka". Nilimlaumu kwa muda mrefu, mpaka nilipokutana na namba moja. Kati ya watu wanaofika hospitali za Kanada na Marekani kwa kuumia enka, chini ya asilimia 15 ndio wamevunjika. Maana yake ukimwambia kila mwenye enka iliyovimba kwamba ameteguka, bila hata kumgusa, utakuwa sahihi zaidi ya mara nane katika kumi. Jirani amekuwa sahihi maisha yake yote, ndiyo maana anasema kwa uhakika. Tatizo ni yule mmoja, na uvimbe haumtofautishi, wala ule mlio wa "ta", maana hata nyuzi zinazofunga kiungo zikikatika hulia.

Kinachomtofautisha ni mfupa wenyewe. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo sasa inatumika dunia nzima, na haihitaji mashine. Daktari aliyempokea mama mdogo aliifanya mbele yangu kwa dakika moja. Alianza mbali na maumivu, akazungumza naye habari za mvua, kisha kwa kidole gumba akabonyeza ukingo wa nyuma wa fundo la nje, akipanda kutoka nchani kama sentimita 6. Hakubonyeza mbele, kwenye uvimbe, ambako kila aliyeteguka anaumia. Alibonyeza nyuma, juu ya mfupa mtupu. Mama mdogo akamshika mkono. Akafanya vilevile fundo la ndani, halafu kitako cha ule mfupa wa tano wa wayo, halafu mfupa ulio juu ya upinde wa wayo, mbele ya fundo la ndani. Kisha akauliza: "Siku ile mama, uliweza kukanyaga hatua nne? Na sasa unaweza?" Hata kuchechemea kunahesabika. Maumivu kwenye mfupa katika mojawapo ya sehemu hizo, au kushindwa hatua nne siku ile na sasa, basi picha. Yote yakiwa hapana, mara chache sana kuna mvunjiko wa maana. Kanuni hii ilipunguza picha kwa karibu theluthi moja kule ilikoanzia. Kwetu naiona ina faida iliyo kinyume: inamwambia mtu wa Kibosho lini nauli ya kwenda mjini ni ya lazima.

Ina mipaka. Haimfai mlevi, haimfai aliyeumia sehemu nyingi, na haimfai kabisa mwenye kisukari ambaye miguu ina ganzi. Huyo anaweza kutembelea mvunjiko wiki nzima bila kusema aa. Mguu wake unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto, anapewa dawa za usaha, kumbe ndani mifupa inasambaratika na upinde wa wayo unazama. Hali hiyo ina jina la Charcot, daktari wa Ufaransa wa karne ya 19. Mtu mwenye kisukari akivimba mguu mmoja, wa moto kuliko mwenzake, asikanyage kabla hajaonekana.

Mama mdogo aliwekewa chuma na skrubu kadhaa, akakaa na magongo hadi Julai. Nilimwona karani akimwandika kwenye rejesta siku ile ya kwanza. Mwezi: Mei. Makazi: Moshi, kwa sababu alitoa anwani yangu. Chanzo: kuanguka. Mstari uliofuata ulikuwa wa kijana aliyedondoka mparachichini, naye chanzo chake ni kuanguka. Aprili, Kibosho, kijia cha mfongo na ndoo havikuwa na safu ya kuandikiwa.